Amri ya Ulinzi: Usingoje Mpaka Damu Imwagike

Hotuba iliyotolewa kwenye baraza la wakazi, Kisauni, Mombasa, katika Siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia

Mheshimiwa chifu na manaibu wako, wazee wa mtaa, mashekhe na wachungaji, mama zangu wa vyama, baba zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya sheria inayomlinda mtu anayepigwa au kuteswa nyumbani kwake. Mimi ni wakili, na kazi yangu kubwa ni kuwasimamia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Wengi wao ni wanawake, na wengi wa wanawake hao hunijia wakiwa wamechelewa. Huko kuchelewa ndiko kulikonileta leo.

Mama akikaa mbele yangu, jicho limevimba, mkono umefungwa kitambaa, mara nyingi haniulizi mumewe atafungwa lini. Huniambia: "Wakili, mimi sitaki afungwe. Yeye ndiye anayelipa karo ya watoto. Nataka aache tu." Na kwa miaka mingi nchi hii haikuwa na jibu la kumpa mama huyu. Angeweza kumshitaki mumewe kwa kosa la kupiga na kujeruhi, ambalo kwenye Sheria ya Adhabu linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Asipotaka hivyo, basi arudi nyumbani anyamaze. Katikati hapakuwa na kitu.

Leo katikati pana kitu, na watu wetu hawakijui. Mwaka 2015 Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Mwaka 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akatoa kanuni za kuitekeleza, zinazoeleza ombi linaandikwaje na linapelekwaje mahakamani. Sheria hii inampa mtu nafasi ya kwenda kwa hakimu na kuomba amri ya ulinzi. Amri hiyo si hukumu ya jinai. Haimfungi mtu wala haimwandikii rekodi ya uhalifu. Inamwambia: kuanzia leo usimguse, usimtishe, usimfuate. Akitii, maisha yanaendelea. Akivunja, hapo ndipo jela inapoingia.

Yule mama anayesema "nataka aache tu" ameandikiwa sheria hii. Ningependa mkitoka hapa mlijue hilo hata kama mengine yote mtayasahau.

Sasa, sheria inaposema dhuluma, inamaanisha nini? Watu wengi wanadhani mpaka pawe na jeraha. Hapana. Kupigwa ni sehemu moja tu. Humo ndani mna matusi na kudhalilishwa mara kwa mara. Mna vitisho. Mna kumvizia mtu na kumwandama kila aendako. Mna kuharibu mali yake, na kumzuia asiingie nyumbani anapoishi. Mna dhuluma ya kiuchumi pia, yaani kumnyima mtu pesa za mahitaji ya lazima, chakula, matibabu, karo, au kumkataza asifanye kazi wala biashara. Mama anayeuza viazi karai barabarani, kisha jioni mtaji wote ukachukuliwa kwa nguvu na kesho akakatazwa kutoka, huyo anafanyiwa dhuluma inayotambuliwa na sheria, hata kama hajaguswa mwilini.

Sheria haikuishia hapo. Imetaja ndoa za watoto, kulazimishwa kuolewa, ukeketaji, mjane kurithiwa kwa nguvu, mjane "kutakaswa", yaani kulazimishwa kulala na mwanamume eti aondolewe mkosi wa kifo, na kumpima msichana ubikira. Na imetaja jambo moja ambalo nikilisoma mbele ya akina mama huwa wananiomba nilirudie: shemeji na mawifi kuingilia nyumba ya watu. Ndiyo, limeandikwa. Mama mkwe anayehamia kwako ili akutoe, wifi anayekuja kila siku kukutukana mbele ya watoto wako, hao nao sheria inawaona.

Kuna jingine ambalo nitalisema taratibu kwa sababu linaumiza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo imetusaidia sana, iliacha pengo. Kifungu chake cha 43 kinasema wazi kwamba hakiwahusu watu waliooana kisheria. Kwa hivyo mwanamke anayelazimishwa na mumewe chumbani alikuwa akifika kituoni anajibiwa kwamba hakuna kosa la kuandika. Hiyo sheria ya 2015 imeitaja dhuluma ya kingono ndani ya ndoa kwa jina lake. Haijamfanya mume awe mshitakiwa wa ubakaji, na mimi naamini Bunge linapaswa kuliziba pengo hilo, tena bila kuzungukazunguka. Lakini leo, kama ilivyo, mwanamke huyo anaweza kwenda kwa hakimu akaomba amri, na hakimu hawezi kumwambia kwamba analolalamikia halimo katika sheria.

Nani anaweza kuomba? Si mke wa ndoa peke yake. Aliyeachika, mchumba, mtu aliyezaa na mwenzake bila ndoa, watu wanaoishi nyumba moja, jamaa wa damu, na watu waliokuwa na uhusiano wa karibu. Wanaume pia. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa mwili tangu wafike miaka 15, na upande wa wanaume ilikuwa asilimia 27. Baba zangu, kama unapigwa au kutishwa nyumbani, mlango ni huohuo, na wewe ukija kwangu hutachekwa. Mtoto anaombewa na mtu mzima. Na mtu mzima asiyeweza kuja mwenyewe, kwa ulemavu wa mwili au kwa hofu ya kudhuriwa, mwingine anaweza kuomba kwa niaba yake.

Ombi linapofika mahakamani, jambo la kwanza ni je, kuna hatari ya sasa hivi? Kama ipo, hakimu anaweza kutoa amri ya muda hata kabla yule anayelalamikiwa hajaitwa. Hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu siku ya hatari kubwa ni ile siku anapojua kwamba umekwenda kushitaki. Baadaye naye ataitwa, atasikilizwa, atatoa upande wake, ndipo hakimu aamue kama amri iendelee, ibadilishwe au iondolewe. Haki yake haipotei. Ila sheria imekataa kumwambia mtu aliye hatarini akae angoje samansi, yaani hati za kuitwa mahakamani, zizunguke.

Kiwango cha ushahidi nacho ni chepesi kuliko cha kesi ya jinai. Huhitaji kuthibitisha pasi na shaka yoyote. Hakimu hupima tu, upande upi una uzito zaidi? Na hapa niwape mfano wa mama mmoja niliyemsimamia, simtaji yeye wala kituo alichokwenda. Huyu mama alikwenda kituo cha polisi mara kadhaa, na kila mara akaambiwa, "Nendeni mkayazungumze nyumbani, hayo ni mambo ya mke na mume." Lakini kila mara, kabla hajatoka, aliomba nambari ya OB, yaani nambari ya tukio kwenye kitabu cha kituo. Alikuwa akiziandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto wake wa mwisho, kwa sababu ndiyo karatasi pekee ambayo mumewe hakuwahi kuishika. Siku ya kusikilizwa ombi alitoa ile kadi. Mbele, uzani wa mtoto na chanjo zake. Nyuma, nambari na tarehe, moja chini ya nyingine. Hakimu aliigeuza mbele na nyuma, akasoma nambari zote kwa sauti karani aziandike. Wakili wa upande wa pili alikuwa amejiandaa kusema kwamba mambo haya yamebuniwa juzi kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja. Hakulisema tena.

Kwa hivyo nawaomba: wekeni kumbukumbu. Andika tarehe, mahali, nini kilisemwa na nani alisikia. Ukiumia nenda hospitali kwanza, kituo baadaye. Uhai ndio wa mbele. Mwambie daktari ukweli. Usiseme umeanguka bafuni, kwa sababu alichoandika daktari siku ile ndicho kitakachosomwa mahakamani miezi sita baadaye. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika humo majeraha yako, ni ya bure, na ikijazwa ni ushahidi. Kama umefanyiwa ukatili wa kingono, usioge na usifue nguo, na ufike hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haingoji zaidi ya hapo. Ujumbe wa vitisho kwenye simu usiufute hata kama unakutia kinyaa. Ukiogopa simu kuchunguzwa, utume kwa mtu unayemwamini.

Amri yenyewe inaweza kusema mengi. Inaweza kumkataza mtu asikanyage unapoishi, unapofanya kazi, au shuleni kwa watoto. Inaweza kumkataza asikupigie wala kukuandikia. Inaweza kumlazimu akuruhusu uingie nyumbani, ukiwa na askari, uchukue nguo zako, vyeti vyako na vitu vya watoto. Na inaweza kumtoa yeye nyumbani na wewe ukabaki, hata kama nyumba ni yake, hata kama jina kwenye mkataba wa kodi ni lake. Narudia hilo, maana naona nyuso zimeinuka. Tumezoea kwamba anayepigwa ndiye anayebeba watoto usiku na kulala kwa watu. Sheria inasema hakimu ana uwezo wa kuamuru kinyume. Hapokonyi mtu mali, hilo la umiliki lina kesi zake. Anaamua nani alale humo kwa salama wakati mambo yanashughulikiwa.

Mtu akivunja amri, hilo sasa ni kosa la jinai. Faini ni hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 12, au vyote viwili. Amri isiyojulikana kituoni ni karatasi tu. Ukiipata, toa nakala. Moja peleka kituo cha polisi kilicho karibu nawe, moja shuleni, moja kaa nayo mkobani, na moja mpe jirani mwenye sauti.

Nimesema polisi, na sitaki kuondoka bila kuzungumza nao, na nashukuru kwamba wawili wamekaa hapa mbele. Ndugu zangu, sheria ya 2015 imewapa wajibu kwa maandishi. Mtu akija na malalamiko ya dhuluma za nyumbani, mnapaswa kumweleza misaada anayoweza kuipata, ikiwemo mahali pa hifadhi na matibabu, na haki yake ya kwenda mahakamani. Akitaka kuandikisha maelezo kwa askari wa jinsia yake, ana haki ya kuomba hivyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba askari ni msuluhishi wa ndoa. Nafahamu mna uhaba wa watu, na najua mnafungua jalada leo, kesho mlalamishi anarudi kuomba lifungwe. Inachosha. Lakini anayerudi kuifuta kesi mara nyingi ametishwa, au hana pa kulala, na kurudi kwake kukupe sababu ya kuuliza zaidi, si ya kumkataa mara nyingine. Mwaka 2013 Mahakama Kuu kule Meru iliamua, katika kesi ya wasichana walionajisiwa, kwamba polisi walipokosa kuchunguza ipasavyo walivunja haki za watoto wale. Kuzembea kwa afisa kumeshahesabiwa na mahakama kuwa ni kuvunja Katiba.

Na Katiba yenyewe, kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe unatoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Mume ni mtu binafsi. Kaka ni mtu binafsi. Maneno hayo yaliwekwa makusudi, ili mlango wa nyumba usiwe mpaka ambao haki inasimama nje.

Nije kwa wazee. Wazee wangu, nawaheshimu, na nikiwa mtoto nimeona ndoa nyingi zikiponywa na kikao cha wazee. Ugomvi wa matumizi, wivu, mke kusafiri bila kuaga, yote hayo kaeni nayo, nyinyi mnayaweza kuliko mahakama. Lakini kichwa kilichopasuliwa kwa mchi hakina suluhu ya faini ya mbuzi. Katiba inakubali usuluhishi wa jadi, kifungu cha 159, na kifungu hichohicho kinaukataza pale unapokwenda kinyume na Haki za Binadamu. Kikao kinachomrudisha mwanamke kwa mtu aliyemtishia kumuua, kwa sababu mahari ilishaliwa, kimetoka nje ya sheria. Mwelekezeni kituoni, kisha mumsindikize. Mzee akiingia kituoni pamoja na mlalamishi, huduma inabadilika. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na ni msaada usiogharimu chochote.

Waislamu huniuliza, je, nikiwa nimepeleka shauri la talaka kwa Kadhi? Endelea nalo. Kadhi anashughulikia ndoa na talaka, hakimu anashughulikia usalama wako, na moja halizuii lingine. Tena nawasihi mashekhe na wachungaji: mtu akikujia na alama mwilini, kabla ya kumsomea aya au mstari wa subira, muulize leo atalala wapi.

Naomba mnivumilie kidogo niseme kwa nini nina haraka. Mwaka 2021 tulimzika Agnes Tirop, bingwa wetu wa mbio, aliyeuawa nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa akiishi Trans Nzoia, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto, akafariki hospitalini Eldoret wiki chache baada ya kukimbia Olimpiki ya Paris. Kati ya Agosti na Oktoba mwaka huo polisi walitangaza kwamba wanawake 97 waliuawa nchini. Miezi mitatu. Januari ya mwaka huohuo wanawake walikuwa wamejaza barabara za Nairobi, Mombasa na miji mingine kulilia jambo hilihili. Serikali ikaunda jopo kazi mwanzoni mwa 2025, chini ya Dkt. Nancy Baraza, aliyewahi kuwa Naibu Jaji Mkuu. Majopo yana kazi yake. Ila hawa waliouawa, wengi walikuwa na majirani waliosikia, na jamaa waliojua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yamefichwa na mtaa mzima. Sheria ya 2015 inamruhusu yeyote anayeshuku kwamba dhuluma inatendeka aende akatoe habari polisi. Huhitaji kuwa ndugu. Huhitaji kuwa na uhakika. Ukisikia mtu anapiga mayowe ukuta wa pili, piga simu.

Sheria hii ina udhaifu wake, na sitaufunika. Nyumba za hifadhi ni chache mno. Serikali imeacha mzigo huo kwa mashirika na makanisa, na kaunti nyingi hazina hata moja. Mwanamke anaweza kupata amri asubuhi na bado asiwe na pa kulala jioni. Mahakimu wengine bado hawaijui sheria vizuri, wanaishughulikia kama kesi ya kawaida na kuipangia tarehe ya mbali. Sisi wa Mombasa tuna nafuu, kwa kuwa Shanzu ndiko ilikofunguliwa mahakama maalumu ya dhuluma za kingono na kijinsia, mwaka 2022, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, na tangu hapo nyingine zimefunguliwa kwingineko. Lakini mama wa Ganze kule Kilifi, au Kinango kule Kwale, anahitaji nauli ya kufika mahakamani, na nauli hiyo iko mfukoni mwa anayempiga. Mwakilishi wa wadi umekaa hapa. Bajeti ya kaunti inapitia mikononi mwenu kila mwaka. Nyumba moja ya hifadhi kwa kila kaunti ndogo, na pesa za nauli kwa walalamishi na mashahidi: nakuomba uliwasilishe jambo hilo katika bunge la kaunti, na uje utuambie hapahapa limefika wapi.

Nambari ya simu ya msaada wa dhuluma za kijinsia ni 1195. Haina malipo na inapokewa usiku na mchana. Ya watoto ni 116. Ziandikeni kwa majina ambayo hayatamshtua mtu akiishika simu yako. Mteja wangu mmoja ameiandika "Fundi Gesi".

Chini ya mwarobaini pale wamekaa wasaidizi wa kisheria wawili, dada na kaka, wana fomu za maombi na kalamu. Watakuwepo mpaka saa kumi na moja jioni. Ukitaka kuzungumza na usionekane, nenda kama unayechukua maji kwenye lile pipa, wao watakuelewa. Mengine yote niulizeni sasa, na naomba swali la kwanza litoke upande wa akina mama.